Kwenye tamasha la fasihi, atafutwe kwanza msomaji wa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Tupatie nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo na wenzetu wa Arusha na Moshi wanaofikiria kualika waandishi kutoka nje waje kusoma kazi zao na kuzungumza na wasomaji wa huku. Nauli za ndege hutafutwa zikapatikana. Ukumbi hupatikana. Kinachosahaulika hadi jioni ya mwisho ni kipande cha Kiswahili: nani ametafsiri kurasa zitakazosomwa, nani atazisoma, kwa dakika ngapi. Hilo lisipoandaliwa, mwandishi atasoma kwa lugha yake, watu watapiga makofi kwa adabu, na waliokaa nyuma watakuwa wameshatoa simu mfukoni kabla ya ukurasa wa pili.

Jibu la haraka tunalijua: "Hapa mjini Kiingereza kinaeleweka." Kinaeleweka cha ofisini, cha kupokea watalii na cha daftari la kidato cha pili. Kiingereza cha riwaya ni habari nyingine, na cha riwaya inayosomwa kwa sauti ni kigumu zaidi, maana msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama mwenye kitabu mkononi. Jina moja likimpita hajui tena nani anamsema nani. Isitoshe, mwandishi wa kimataifa si lazima awe mtu wa Kiingereza. Anaweza kuwa wa Msumbiji anayeandika Kireno, wa Misri anayeandika Kiarabu, au Mjerumani. Kumwomba asome kwa Kiingereza cha kuazima mbele ya watu ambao nao wanakiazima ni kuwanyima wote wawili.

Tamasha la kimataifa la fasihi la Berlin, lililoanza mwaka 2001, lina desturi inayotufaa. Mwandishi husoma kwa lugha aliyoandikia, mwigizaji husoma tafsiri ya Kijerumani, kisha mazungumzo hufuata kwa msaada wa mkalimani. Sauti ya mwandishi inabaki yake, na watu wa mji wanapata hadithi kwa lugha yao. Arusha haina sababu ya kushindwa hilo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliendesha mashauri yake katika jengo la mikutano la AICC hadi ilipofungwa mwaka 2015, watu wakisikiliza kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Mji huu umeishi na wakalimani miaka mingi. Umewatumia kwenye kesi na mikutano, si kwenye hadithi.

Tuanze na saa, kwa sababu ndiyo inayoibwa kwanza. Kikao kizuri cha mwandishi mmoja ni dakika 60. Dakika 3 za kumtambulisha. Dakika 4 asome kwa lugha yake: zinatosha masikio yapate mdundo wa lugha wasiyoielewa, na zikizidi 5 ukumbi huanza kukohoa. Dakika 10 hadi 12 za Kiswahili. Dakika 25 za mazungumzo, 15 za maswali ya ukumbini. Zinazobaki zitapotea tu, msizipangie kazi.

Sasa weka hapo mgeni rasmi. Anachelewa nusu saa, watu wanasubiri; akifika wanasimama, inasomwa risala, itifaki inazingatiwa kwa majina na vyeo, meza kuu inatambulishwa mmoja mmoja, kikundi cha burudani kinaitwa, na mwandishi aliyevuka bahari anaambiwa afupishe kwa sababu muda umetutupa mkono. Hatusemi viongozi wasialikwe. Ufunguzi wa heshima upewe nafasi yake siku ya kwanza asubuhi, nusu saa, na usigusane na kikao chochote cha kusoma. Kuna wanaoona ni busara mgeni rasmi ndiye asome tafsiri. Asome, ilimradi aje kwenye mazoezi kama wengine.

Tafsiri ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na inaanza miezi mitatu kabla. Mwulizeni mwandishi anapenda kusoma kurasa zipi, lakini msimwachie peke yake. Waandishi wengi huchagua mwanzo wa kitabu kwa mazoea, na mwanzo una majina mengi na matukio machache. Kipande kinachosikika vizuri kina watu wawili au watatu, mahali pamoja, na jambo linaloanza na kufika mahali ndani ya dakika 10. Kikihitaji maelezo ya dakika mbili kabla ya kueleweka, kiacheni. Kisifichue mwisho wa kitabu, la sivyo meza ya vitabu itakosa kazi.

Kabla mfasiri hajashika kalamu, andikieni mchapishaji. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kutafsiri na kusoma hadharani ni haki za mwenye kazi, na kuwa mwandishi amekubali kuja si kibali cha tafsiri, hasa pale haki za lugha zilipokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Barua yenu itaje kurasa, idadi ya maneno, tarehe, nakala mtakazochapa, na kama kikao kitarekodiwa na kuwekwa mtandaoni. Hilo la mwisho ndilo linalozua ugomvi. Mchapishaji anayekubali kurasa sita zisomwe ukumbini jioni moja anaweza kukataa zibaki YouTube milele.

Kama tafsiri ipo tayari madukani, itumieni hiyo, mkamwombe ruhusa mfasiri na mchapishaji wake. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ilitolewa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28, kwa hadithi inayotembea pwani na bara ya nchi hii hii. Kwa mwandishi ambaye hajafika popote karibu na Kiswahili, kurasa zenu sita zinaweza kuwa za kwanza, kwa hiyo mfasiri alipwe, na malipo yake yaandikwe kwenye bajeti tangu rasimu ya kwanza. Posho ya "asante" inazaa tafsiri ya usiku mmoja.

Kipimo cha tafsiri ni saa ya mkononi. Idadi ya maneno inadanganya. "Hawatakuona" kwetu ni neno moja. Kwa Kiingereza ni matano. Mwandaaji anayemwambia mfasiri "nataka maneno 1,500 kama ya Kiingereza" ataletewa maandishi yanayopita muda. Msomaji mtulivu humaliza maneno kama 100 hadi 120 ya Kiswahili kwa dakika, kwa hiyo dakika 11 ni maneno 1,100 hadi 1,300, na bado mjaribu kwa sauti. Kikizidi, kata aya nzima au mazungumzo mazima. Ukipunguza neno hapa na neno pale, kipande kinaanza kuchechemea.

Kuna mambo ambayo jicho huyavumilia na sikio halivumilii. La kwanza ni nafsi ya tatu. Kiingereza hutenganisha mwanamume na mwanamke kila sentensi. Kiswahili kina "alisema" kwa wote. Kwenye karatasi msomaji hurudi juu akaangalia. Ukumbini, majibizano ya mume na mke yakiwa na "alisema" nane mfululizo, hakuna anayejua nani amemwambia nani aondoke. Mfasiri wa kipande cha kusomwa arudishe majina, au cheo cha mtu nyumbani, kila baada ya kauli mbili.

La pili ni ukoo. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa. Jingine moja kwa shangazi, mama mdogo na mama mkubwa. Mfasiri hawezi kukwepa, lazima achague, na akichagua kwa kubahatisha anaweza kugeuza hadithi: mjomba anayedai urithi na baba mdogo anayedai urithi si kesi moja katika masikio ya mtu wa Rombo au wa Meru. Mfasiri amwandikie mwandishi amwulize. Mara nyingine mwandishi hana jibu, kwa sababu lugha yake haikuwahi kumlazimisha kuamua. Hilo swali likitokea, litunzwe. Halipatikani kwenye mahojiano yake mengine yoyote, na ndilo la kufungulia mazungumzo jukwaani.

Msomaji naye hatafutwi siku hiyo. Mtangazaji wa redio anajua kupumua na kutamka, lakini amezoea kusoma kila sentensi kama taarifa ya habari. Mwigizaji wa jukwaani ana uhai, ila atataka kuigiza kila mhusika, na kikongwe akipewa sauti ya kutetemeka watu wanacheka mahali pa kulia. Mwalimu wa Kiswahili husoma sahihi na polepole mno. Wote wanafaa wakifanya mazoezi mara tatu: ya kwanza na mfasiri, ya pili kwa saa, ya tatu ukumbini kwenye maiki yenyewe. Tunaomba sana, mhusika mkorofi au mshamba asipewe lafudhi ya Kichaga au ya Kimasai ili kuchekesha. Kicheko kinapatikana haraka na kipande kinakufa hapo hapo.

Karatasi zichapwe kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi mbili kati ya mistari, upande mmoja, sentensi isivuke ukurasa. Zipewe namba na zisibanwe kwa pini, kwa kuwa ukurasa uliobanwa hupindwa kwa kelele inayoingia kwenye maiki, na ule ulio huru husukumwa pembeni kimya. Majina ya kigeni yaandikwe pembeni jinsi yanavyotamkwa, baada ya kumsikiliza mwandishi mwenyewe akiyataja; rekodi fupi ya simu inatosha. Kusoma kwenye simu tunakukataa. Kioo hujizima, ujumbe wa muamala huingia, na taa za jukwaani hung'aa juu ya kioo.

Ushairi una sheria zake. Msimpe mkalimani shairi alitafsiri papo kwa papo. Hakuna awezaye, na anayejaribu atawapa maana iliyokaukiwa. Tafsiri iandaliwe, ichapwe upande mmoja wa karatasi, asilia kushoto na Kiswahili kulia, na igawiwe watu wakiwa wanakaa. Shairi lisiendelee nyuma ya karatasi, kwa sababu watu 100 wakigeuza karatasi kwa pamoja wanazima beti mbili. Mshairi wa kwetu akialikwa upande wa pili wa jukwaa, mwulizeni mapema kama atasoma au ataghani, yaani kulitoa shairi kwa sauti ya kuimba. Ubeti wa mishororo minne ya mizani 16 unaosomwa kwa nusu dakika unaweza kuchukua dakika nzima ukighaniwa, na ratiba inayopuuza hilo itamkata malenga katikati. Mgeni naye aelezwe mapema kwamba kwetu shairi la arudhi, lile la vina na mizani, lina sauti yake ya kuimbwa. Asipoambiwa atadhani amepangiwa na mwanamuziki.

Tufike kwenye mazungumzo, ambako mambo huharibika hata pale kusoma kulikofana. Kosa kubwa ni kumpa MC kazi ya kuongoza mazungumzo. MC mzuri wa Arusha anajua kuchangamsha harusi ya watu 400, na ni kipaji. Hapa anatakiwa mtu aliyesoma kitabu chote, kurasa zote, na ikiwezekana kingine cha mwandishi huyo huyo. Aliyesoma maelezo ya jalada la nyuma hujulikana kwa swali la pili, na mwandishi humjua kwa la kwanza: "Tuambie kwa ufupi kitabu chako kinahusu nini." Mwandishi atajibu kwa maneno aliyokwisha kuyatumia miji kumi kabla ya huu. Maswali mengine ya kuyaweka kapuni ni "ulipata wapi wazo hili", "una ujumbe gani kwa vijana", na "unaionaje Tanzania" kwa mtu aliyetua uwanja wa ndege wa KIA jana usiku.

Swali linalofanya kazi linaanzia kwenye ukurasa. Mwongozaji afungue kitabu, asome sentensi mbili, aulize kwa nini mama yule haitwi kwa jina sura nzima, au kwa nini mvua inayotajwa mara nyingi hainyeshi. Aandae maswali 12 na ategemee kuuliza 6. Akutane na mwandishi nusu saa kabla, wakubaliane yale ambayo mwandishi hataki kuguswa na neno gani litaashiria mwisho. Wasiyafanyie mazoezi maswali yenyewe, maana jibu zuri likishatolewa chumba cha chai, jukwaani linakuja la baridi. Akiuliza, anyamaze. Sekunde tano za ukimya zinamtisha mwongozaji peke yake, ukumbi unazipenda.

Waandishi wawili kwa saa moja wanafaa kama vitabu vyao vina jambo la kubishaniana. Watatu wanawezekana kwa dakika 75. Watano ni meza kuu nyingine. Kila mmoja ataongea dakika sita, na atakayeongea zaidi ni yule asiye na haya.

Ukalimani uchaguliwe kwa ukubwa wa ukumbi na mfuko. Ukalimani fuatizi, ambapo mkalimani huketi karibu na mwandishi akisubiri amalize sentensi mbili tatu, unagharimu kidogo lakini unakula nusu ya muda: dakika 25 zenu zimekuwa 12 za maneno ya mwandishi. Punguzeni maswali kabla, si mkiwa jukwaani. Hatari yake ni mwandishi kunogewa akaenda dakika nne bila kupumua, mkalimani akarudisha sentensi tatu. Mkubaliane ishara ya mkono. Kuna na kicheko: waliojua Kiingereza wanacheka kwanza, wengine wanacheka baadaye au hawacheki kabisa, na ukumbi unagawanyika mbele ya macho yenu. Mkalimani hodari hufupisha utani badala ya kuueleza.

Ukalimani sambamba, ambapo mkalimani hutafsiri huku mwandishi akiendelea kuongea, unahitaji kibanda, vifaa vya masikioni na wakalimani wawili kwa kila jozi ya lugha, wanaopokezana kila dakika 20 hadi 30. Anayewaambia mmoja anatosha kwa saa moja hajawahi kukaa kibandani. Kibanda kiwe mahali ambapo mkalimani anauona mdomo wa mwandishi, si nyuma ya nguzo. Wapewe wiki moja kabla kipande chote, tafsiri yake, wasifu na orodha ya majina. Wakati wa kusoma wasitafsiri upya. Wasome tafsiri ile ile iliyoandaliwa, au wazime maiki yao. Mkikodi vifaa, ulizeni ni vya mionzi ya infraredi au vya mawimbi ya redio. Vya infraredi hukatikakatika penye jua kali, kwa hiyo kwenye turubai au bustanini saa sita mchana chukueni vya redio. Ugawaji uanze nusu saa kabla, kwenye meza mbili, kifaa kwa kitambulisho, na wakati wa kurudisha meza ziwe zile zile. Foleni ya vitambulisho mwisho wa kikao ndiyo inayowakosesha watu meza ya vitabu.

Ukumbi wa watu 80 hadi 150 unatosha. Watu 90 ndani ya nafasi ya 100 ni tamasha. Watu 90 ndani ya ukumbi wa 1,000 ni msiba. Makumbusho, maktaba ya mkoa, darasa la mihadhara la chuo, vyote vinafaa kuliko ukumbi wa harusi wenye vigae chini na vioo pande tatu, ambako kila neno linarudi mara mbili. Kama hamna pengine, tundikeni vitenge au mapazia mazito ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na jukwaa, na sauti itatulia kwa kiasi mtakachokisikia wenyewe. Paa la bati lisilo na dari msiliamini Machi hadi Mei. Mvua ya masika ikianza, hata spika kubwa hazisaidii, na kupandisha sauti kunaleta mluzi.

Mluzi wenyewe unatoka wapi? Maiki inasikia spika na kuirudishia sauti yake mwenyewe. Spika zikae mbele ya mstari wa maiki, zikitazama watu; jukwaani pasiwe na spika inayotazama mdomo wa msomaji. Maiki ya kusomea isimame kwenye stendi, umbali wa ngumi moja na mdomo, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige kishindo. Ya kubana kwenye nguo inasugua shanga, ushungi na tai, basi iwekwe kwa mazungumzo tu na ijaribiwe mtu akiwa amevaa atakachovaa. Betri mpya kila kikao, hata kama za jana "bado zina nguvu". Fundi mitambo awe na karatasi ya ratiba mkononi, ajue nani anafuata. Wengi hupewa maagizo kwa kupungiwa mikono. Na muziki wa kujaza nafasi uzimwe mtu anapopanda jukwaani. Kumsindikiza mshairi kwa midundo ya kuingilia bwana harusi kunachekesha mara moja.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kuwaka, na miksa, mashine inayochanganya sauti za maiki, hujizima ikasahau mpangilio. Kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika 10, cha aina inayotumika na kompyuta za ofisini, kinatosha kwa miksa na maiki. Jenereta ikae nyuma ya ukuta, mbali. Mezani pa msomaji iwepo taa ya betri.

Maswali ya ukumbini yanahitaji vijana wawili wenye maiki, na maiki isitoke mikononi mwao. Ikishakabidhiwa, muulizaji anaanza na salamu, anashukuru uongozi, anajitambulisha kwa kirefu na kutoa hotuba. Kijana akiishika yeye, mtu huuliza. Wanafunzi wakialikwa, waandike maswali kwenye vikaratasi wakati wa kusikiliza. Wenye haya ndio wenye maswali makali. Shule zipewe nakala ya kipande wiki mbili kabla na kikao chao kiwe asubuhi, saa tatu hadi saa tano, kwa sababu basi la shule linaondoka na wanafunzi hata kama mwandishi yuko katikati ya sentensi.

Vitabu viagizwe mapema kuliko mnavyodhani, maana mzigo kutoka nje unaweza kukaa forodhani wiki kadhaa. Muuza vitabu ahesabu vinavyoingia na vinavyobaki kila siku, awe na lipa namba iliyobandikwa ukubwa wa kuonekana na chenji ya noti ndogo. Meza ya kusaini iwe mlangoni, watu wapite hapo wakitoka. Msaidizi apite kwenye foleni na kuandika jina la kila mnunuzi kwenye kipande cha karatasi ndani ya kitabu, kwa sababu mgeni hajui kama ni Neema au Nehema, na kitabu kilichosainiwa jina la mtu mwingine hakirudishwi dukani.

Tarehe: epukeni wiki ya Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari kwa Moshi, na Nanenane mwanzoni mwa Agosti kwa Arusha, kwa sababu ya vyumba na kelele. Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, ni tarehe nzuri na kavu, ila Arusha ni baridi. Kikao kiishe kabla ya saa kumi na mbili jioni, watu wapate daladala. Viza ya kutalii haitoshi kwa mtu anayekuja kufanya kazi jukwaani, hata ya siku mbili. Idara ya Uhamiaji iulizwe mapema, na afisa utamaduni wa halmashauri aulizwe kuhusu vibali. Malipo ya mwandishi asiye mkazi hukatwa kodi ya zuio. Mwambieni kiasi atakachopokea mkononi, si kile cha kwenye mkataba.

Mwisho ni ombi kwako, Mhariri. Tamasha kama hilo likitangazwa, usitosheke na picha ya mwandishi akikabidhiwa kinyago. Jumamosi inayotangulia, tenga nusu ukurasa uchape sehemu ya tafsiri itakayosomwa, kwa kibali cha wenye haki, ili watu wa Usa River, Himo na Mto wa Mbu wasioweza kufika wapate japo hiyo. Maneno 600 yanaingia vizuri pamoja na tangazo dogo la saa na mahali. Jina la mfasiri liwekwe chini ya jina la mwandishi, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Wafasiri, wakalimani na mafundi mitambo,
Arusha na Moshi